Kulungu Si Kulungu, na "Makazi" Si Jibu



Leo nakuja na uhakiki, na naanza kwa kujihakiki mwenyewe. Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu, anasoma chuo hapa hapa Uingereza, aliniletea makala ya sayansi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Kichwa chake kilisema kwamba makazi ndiyo yanayounda bakteria wa tumboni kwa kulungu walio hatarini kutoweka. Juu yake kaandika: "Ami, hii vipi? Nataka kuitumia kwenye insha yangu." Mie nilikuwa kazini, nikatupia jicho aya ya mwanzo, nikamjibu: "Safi sana, itumie." Usiku nikaisoma yote. Asubuhi yake nikampigia simu kumtaka radhi, manake nilikuwa nimeisifu chakula nisichokionja. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia, na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo inayotukusanya. Huyo mnyama anayezungumzwa si kulungu. Kulungu tunamjua: ana pembe zisizoanguka, yumo katika jamaa ya kina pofu na tandala. Mnyama wa makala ni wa jamaa nyengine kabisa, wale ambao dume lake huota pembe zenye matawi kila mwaka, zikaanguka, zikaota tena. Afrika kusini ya Sahara jamaa hiyo haipo. Afrika nzima wenyeji wake wamebaki Algeria na Tunisia tu. Ndiyo maana Kiswahili cha kila siku hakina jina lake. Waliofasiri Biblia walikutana na tatizo hilo hilo wakachukua neno "ayala". Mimi nitatumia ayala. Mtu atasema haya ni mambo madogo. Si madogo, kwa sababu mfasiri aliyeridhika na "kulungu" ndiye huyo huyo aliyeridhika na "makazi", na hilo la pili ndilo lenye khatari zaidi.

Nieleze kwanza utafiti wenyewe unavyofanywa. Miaka mingi nimefanya kazi ya maabara, si mtaalamu wa ayala, lakini hizi hatua nazijua. Mtafiti anawafuata wanyama kwa mbali, anaokota mavi mabichi, anayagandisha. Maabara wanatoa DNA yote iliyomo, wanakuza kipande kimoja cha jeni ambayo kila bakteria anayo, yaani jeni ya 16S. Jeni hiyo ina urefu wa herufi kama 1,500, na mara nyingi kinachosomwa ni kipande cha 400 au 500 tu. Mashine inasoma, kompyuta inapanga: huyu wa kundi hili, yule wa kundi lile. Mwisho unapata orodha ya nani yumo na kwa asilimia ngapi. Halafu wanalinganisha wanyama wa porini na wa zizini, au wa pori hili na pori lile.

Nasema wazi kwamba kazi hii ina sifa zake. Mnyama hasumbuliwi, hapigwi sindano ya usingizi, hakamatwi. Kwa mnyama adimu hilo si jambo dogo. Na jibu la msingi, kwamba wanyama wa sehemu mbili tofauti wana bakteria tofauti, limeonekana mara nyingi kwa wanyama wengi. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu unaanza pale makala inaporuka kutoka "wanatofautiana" hadi "makazi ndiyo yaliyofanya".

Nimchukue ayala mmoja ambaye mie mwenyewe nimemwona kwa macho: milu, ambaye Wazungu wanamwita ayala wa Père David. Nakaa karibu na Woburn, Bedfordshire. Pana njia ya miguu ya umma inayopita ndani ya bustani ile kubwa ya lile jumba la makabaila, hulipi kitu, na jioni za kiangazi utawaona milu wamesimama ndani ya bwawa maji yakiwafika tumboni. Wachina wa zamani walimwita kwa jina lenye maana ya "mambo manne asiyofanana nayo": kwato kama za ng'ombe lakini si ng'ombe, uso kama wa farasi lakini si farasi, pembe kama za ayala lakini si ayala, mkia kama wa punda lakini si punda.

Kisa chake kinafanana na visa vyetu watu wa ughaibuni. Mwaka 1865 padri wa Kifaransa, Armand David, alimwona ndani ya bustani ya kuwindia ya mfalme kusini ya Beijing. Porini alikuwa keshatoweka zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 mafuriko yakabomoa ukuta wa bustani, wengi wakatoka wakaliwa na watu wenye njaa, na waliobaki wakamalizwa katika vurugu za mwaka 1900. Uchina ikabaki bila milu. Lakini wachache walikuwa wameshapelekwa Ulaya, na bwana mkubwa wa Woburn, Herbrand Russell, akawakusanya 18. Inaelezwa kwamba 11 tu kati yao ndio waliozaa. Milu wote waliopo duniani leo wametokana na kundi lile. Mwaka 1985 wakaanza kurudishwa Beijing, pale pale kwenye bustani ya zamani. Mwaka 1986 wengine 39 wakapelekwa Dafeng, pwani ya Bahari ya Manjano. Katika miaka ya 1990 wengine wakatolewa Beijing kwenda Shishou, kwenye mto Yangtze, na mafuriko ya 1998 yakawachukua baadhi yao nje ya uzio mpaka sehemu za ziwa Dongting, wakajifanyia maisha yao huko. Leo ni maelfu. Hata hivyo shirika la kimataifa la IUCN, lilipomtathmini mwaka 2016, lilimweka katika daraja la waliotoweka porini.

Kwa nini nimesimulia yote haya? Kwa sababu milu ndiye mizani bora tuliyonayo kwa suali hili. Ukilinganisha wanyama wa sehemu mbili, mtu anaweza kukuuliza: unajuaje kama tofauti inatokana na pahala na si na damu? Kwa milu damu ni karibu moja. Wote wajukuu wa wale wachache wa Woburn. Leo wako kwenye bustani ya mji, kwenye mabwawa ya maji ya chumvi, na kwenye mabwawa ya mto wa maji baridi. Utasema mtu kapanga majaribio makusudi. Na kweli wako waliolitumia hilo: mwaka 2019 jarida la Frontiers in Microbiology lilichapa utafiti uliolinganisha milu wa porini na wa kufugwa, ukakuta hawafanani bakteria zao. Kwa hiyo basi, makazi yameshinda?

Polepole. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, nitazitoa hoja moja moja.

Kwanza, "makazi" ni kapu. Ndani yake mna chakula, mna maji, mna chumvi, mna udongo, mna msongamano, mna dawa ya minyoo, mna majira ya mwaka, mna nani analala na nani. Mnyama wa zizini anatofautiana na wa porini kwa karibu yote hayo kwa pamoja. Ukisema makazi ndiyo yaliyofanya, umesema kapu ndilo lililonuka, hujasema kama ni dagaa au ni embe lililooza. Na mlinzi wa hifadhi anayetaka kujua afanye nini, kapu halimsaidii. Abadilishe majani? Apunguze idadi? Aache dawa? Kila moja lina gharama yake na khatari yake.

Tena, hebu tuulize: makazi gani? Pale Dafeng milu wanakula, pamoja na mengineyo, nyasi ya pwani iitwayo Spartina. Nyasi hiyo asili yake ni pwani ya Marekani, ilipelekwa Uchina mwaka 1979, ikatapakaa. Basi tuna mnyama wa Kichina, aliyezaliwa na wazee waliokulia Uingereza, anakula nyasi ya Kimarekani, halafu makala za namna hii zinasema bakteria zake ni za "makazi ya asili". Asili ya nani, bwana?

Pili, hesabu. Makala za aina hii hupenda kutaja wingi wa vinyesi vilivyopimwa. Lakini kama umeokota vinyesi vingi kutoka zizi moja na vingi kutoka pori moja, wewe umepima makazi mawili. Umepima mawili tu. Ni kama mtu apime uzito wa watoto mia wa skuli moja ya Wete na mia wa skuli moja ya Tanga, kisha aandike kwamba bahari huathiri uzito wa watoto. Watoto ni mia mbili, lakini bahari ni moja. Huenda skuli moja ina uji wa asubuhi na nyengine haina.

Kosa hili si la Wachina peke yao, msije mkadhani ninawasema wao. Hata kwetu limepita. Mwaka 2015 jarida la Scientific Reports lilichapa utafiti wa mbega wekundu wa Udzungwa, Tanzania, ukilinganisha wale wa msitu mkubwa wa Mwanihana na wale wa kipande cha msitu kilichoharibiwa, Magombera. Wa Magombera walikutwa na bakteria wa aina chache zaidi. Ni utafiti ninaoupenda, umeandikwa kwa uangalifu, na umewafungua macho watu wa hifadhi. Lakini misitu ni miwili. Ukitaka kusema "kukatwa kwa msitu kunapunguza bakteria", unahitaji misitu kadhaa mizima na kadhaa iliyokatwa.

Tatu, na hii ndiyo inayoniudhi zaidi, mavi si tumbo. Ayala anacheua kama mbuzi na ng'ombe. Kazi kubwa ya kuvunja majani magumu inafanyika mbele, ndani ya tumbo kuu, mnamokaa bakteria, protozoa na fangasi kwa mabilioni. Wakishashuka kuelekea tumbo la nne na utumbo mwembamba, wengi wao wanasagwa na kuliwa na mnyama mwenyewe, ndiyo protini yake hiyo. Kinachotoka nyuma ni khabari za utumbo mpana. Mtu akiniambia kwamba kwa kuangalia mavi kajua ayala anavyovunja nyasi, namwambia kasikiliza mazungumzo ya uani, akadhani kasikia ya ukumbini. Na kipimo chenyewe, kwa kuwa kinatafuta jeni za bakteria, protozoa na fangasi hakiwaoni kabisa.

Isitoshe, mavi yameanguka chini. Yakikaa kidogo yanachukua vijidudu vya udongo. Basi sehemu ya hiyo "tofauti ya matumbo" huenda ni tofauti ya udongo tu. Dawa yake ni rahisi: pima na udongo wa pale pale, utoe. Makala inayofanya hivyo naipa heshima yake.

Nne, asilimia. Orodha inayotolewa ni ya mafungu, si ya idadi. Kundi moja likipungua, mengine yanaonekana yameongezeka hata kama hayakuongezeka hata chembe. Halafu kila makala inatutangazia kwamba makundi makubwa mawili ni Firmicutes na Bacteroidetes. Jamani, takriban kila mnyama mla majani ni hivyo hivyo. Ni kama mtu aende Darajani arudi na ugunduzi kwamba kuna wauza samaki.

Tano, wingi wa aina si afya. Karibu kila makala inahesabu aina za bakteria, na wenye aina nyingi wanaitwa wazima, wenye chache wanaitwa wagonjwa. Nani kasema? Mwaka 2016 watafiti walipima vijidudu vya tumbo kuu la ng'ombe wa maziwa, wakakuta wale wanaotumia chakula chao vizuri zaidi ndio waliokuwa na aina chache zaidi. Kwa hiyo hesabu ya aina peke yake haitoi hukumu. Angalia mnyama mwenyewe: ananenepa? anazaa? anaishi?

Sasa mtaniuliza, basi Ami, wewe hupendi chochote? Napenda. Nitawapa kazi moja iliyofanywa sawasawa, na inahusu mti mnaoujua. Lusina. Kwetu Afrika Mashariki unapandwa kwa kulishia mifugo. Una sumu ndani yake, mimosini, na mabaki yake tumboni yanaharibu tezi ya shingo. Australia mifugo iliyolishwa lusina kwa wingi ilinyonyoka manyoya na kuota rovu. Hawaii mbuzi walikula lusina hiyo hiyo wakawa wazima kabisa. Hapo mwandishi wa siku hizi angeandika "makazi yanaunda" akalala. Mtafiti Raymond Jones hakulala. Alishuku kwamba mbuzi wa Hawaii wana bakteria anayeyavunja mabaki hayo. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake wakachukua vijidudu vya tumbo la mbuzi wa Hawaii, wakawatia mifugo ya Australia, na mifugo ile ikaweza kula lusina bila madhara. Matokeo yalichapwa mwaka 1986, na bakteria mwenyewe akapewa jina mwaka 1992, Synergistes jonesii, kwa heshima ya huyo Jones.

Tazameni mpangilio wake. Waliona tofauti ya pahala. Wakataja mshukiwa. Wakamhamisha. Wakaangalia mnyama, si orodha. Huo ndio ushahidi. Hivi karibuni tumeona mfano wa pili, koala wa Australia: mwaka 2019 ilichapwa kazi ambamo koala waliozoea majani ya mti mmoja walipewa vijidudu kutoka kwenye mavi ya wale wanaokula mti mwengine, na bakteria zao zikabadilika, na kadiri zilivyobadilika ndivyo walivyoweza kula zaidi ule mti waliokuwa wakiukataa. Hapa mavi yamefanya kazi yake barabara, kwa kuwa koala hacheui. Kwake mambo yanapikwa utumbo wa nyuma.

Na kama mnataka mfano wa watu, basi sisi wenyewe. Mwaka 2018 jarida la Cell lilichapa utafiti wa watu 514 wa makabila ya Hmong na Karen, wengine wakiwa Thailand na wengine wameshahamia Marekani. Aina za bakteria zao zilipungua, na zikazidi kupungua kadiri mtu anavyokaa huko. Lakini kilichonifurahisha mimi si zile mia tano. Ni watu 19 tu waliopimwa kabla ya kuhama na baada ya kuhama. Mtu yule yule, damu ile ile, kabla na baada. Hao 19 wananiambia zaidi kuliko mamia waliopimwa mara moja. Na hata mlo, pamoja na kuwa ulichangia, haukutosha kueleza yote. Kapu tena!

Marehemu baba yangu alikuwa na mbuzi Pemba. Akinunua mbuzi wa kutoka ng'ambo, hamwachii majani ya kwetu siku ya kwanza. Anamchanganya na wenyeji, anampa majani machache leo, kesho kidogo zaidi, mpaka wiki mbili tatu zipite. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu: "Tumbo la mbuzi lina wenyewe, lazima uwabishie hodi." Hakuwa na darubini wala mashine. Lakini alikuwa akifanya kile ninachokidai leo: alikuwa akimfuata mbuzi mmoja, siku hadi siku, akiangalia kama anacheua na kama anatoa mavi mazuri.

Milu nao wanahamishwa. Kutoka zizini wanafunguliwa porini, kutoka hifadhi moja wanapelekwa nyengine. Kila uhamisho ni jaribio linalojileta lenyewe. Mfuate mnyama yule yule: mpime zizini, mpime wiki ya kwanza nje, mpime mwezi wa sita. Pima na majani, maji na udongo. Chukua hifadhi nne badala ya moja. Na, kwa hisani yenu, njooni Woburn muwapime na hawa wanaoogelea karibu na kwangu, kwa kuwa bakteria walioingia Uchina mwaka 1985 walitoka hapa kwenye matumbo ya wazee wao. Hapo ndipo tutajua kipi kimerithiwa kwa mama na kipi kimeokotwa njiani.

Hili si suala la wasomi kuchoshana. Mwenye hifadhi akiamini kwamba orodha ya bakteria ni cheti cha afya, atawafungua wanyama ambao hawajawa tayari, au atawazuia walio tayari, au atawamwagia dawa za kuongeza bakteria zilizouzwa na mjanja. Anayelipa ni mnyama ambaye jamaa zake wote wametokana na wachache wa Woburn.

Binti yetu insha yake kaiandika upya. Kichwa chake kipya kina alama ya kuuliza mwishoni. Nimemwambia hiyo alama moja inanipendeza kuliko makala yote niliyoisifu bila kuisoma.

Nawasilisha, wenzangu. Mwenye kunirekebisha na anirekebishe, khasa walio kwenye fani ya mifugo. Na mwenye neno bora kuliko "ayala" alilete, tulipime.

Wasalaam.